DUKA LA VYOMBO VYA ZAMANI: URAFIKI PEKE YAKE HAUTOSHI

Leo tunaongea juu ya marafiki wanaofungua pamoja duka la vyombo vya nyumba vya zamani: makabati, meza, vitanda na viti vya mbao ngumu, vingine vimebaki tangu wakati wa Wabelgiji. Mtauliza: jambo hili linaingiaje katika mafundisho ya amani? Tuseme mmoja ni seremala, wa pili ana franka, wa tatu ana nyumba kando ya barabara, na kila mmoja ana kabila lake. Wakielewana, karteri nzima inapata mfano. Wakigombana, watu hawasemi marafiki watatu wamekosana. Wanasema kabila fulani limetuibia.

Kwanza, mapatano. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 33, inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa kufuata sheria yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Maana yake, mmoja hawezi kuyavunja peke yake kesho. Lakini maneno ya mdomo, nani atayashuhudia? Basi andikeni: kila mmoja ameleta nini, kazi ya seremala inahesabiwa namna gani, faida na hasara zitagawanywa vipi, na mmoja akifa, mjane na watoto wake watapata nini. Msipoandika neno hilo la mwisho, ugomvi utaanzia kwenye matanga.

Pili, madeni. Tangu tarehe 12 Septemba 2012, nchi yetu inafuata sheria za biashara za OHADA. Kwa sheria hizo, hata wale wanaofanya biashara pamoja bila kuiandikisha wanaweza kuhesabiwa kuwa washirika. Hapo kila mmoja anaweza kudaiwa deni lote la duka, hata kwa mali ya nyumbani kwake. Kwa hiyo asikope mtu kwa jina la duka bila wenzake kujua.

Tatu, na hili ndilo zito: vyombo vimetoka wapi? Tunakumbuka uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993. Watu walibeba viti na makabati ya wengine mchana kweupe, kisha wakayauza. Vita vya 1996 na 1998 vikaongeza mengine. Anayepokea kitu akijua kimeibwa, sheria ya makosa inamwadhibu. Naye aliyeibiwa anayo miaka 3, tangu siku ya wizi, ya kudai kitu chake mikononi mwa yule aliye nacho.

Lakini miaka 3 ikipita, je, moyo umesahau? Mama anapita mbele ya duka, anaona kiti alichokuwa akikalia marehemu mume wake. Mkimfukuza, mnafungua kidonda kipya.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kununua, mwulizeni mwenye kuuza amekipata wapi. Andikeni katika daftari jina lake, anwani yake, tarehe na bei, mbele ya mashahidi wawili. Asiyetaka kuandikwa, msinunue kwake. Akija mtu kudai, mpeni kiti cha kukaa, mmsikilize. Kitu chenyewe kiwekwe kando, kisiuzwe, mpaka mambo yachunguzwe mbele ya shefu wa karteri.

Na ninyi wenyewe mkikosana? Tangu siku ya kwanza, andikeni jina la mzee au mama mmoja ambaye wote mnamwamini, awapatanishe. Akishindwa, Tribinali ya Amani ipo. Kwenda huko si uadui. Uadui ni kwenda kuita vijana wa kabila lako.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tunaongeza: hata urafiki unaweza kuisha hivyo hivyo. Zungumzeni nyumbani na katika vikundi vyenu: katika nyumba yetu, kuna chombo ambacho hatuwezi kusema kilitoka wapi?

Amani iwe kwenu.