Vijana Wapewe Nafasi ya Kuongoza Amani

Penye fujo, vijana ndio huonekana mbele. Lakini je, katika vikao vyetu vya amani wao hukaa wapi? Mara nyingi huitwa kupanga viti, kuimba na kupokea wageni. Maamuzi yakianza, wanabaki nje.

Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, inatupa funzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mapigano ya koo yaliua watu wengi huko. Mwaka 1993 akina mama wachache, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi ambaye hakuwa amefikia miaka 30, walianzia sokoni: walihakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kubughudhiwa. Kisha waliwaendea wazee, nao wazee wakakaa wakapatana. Vijana pia waliunda kundi lao la amani. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa na za serikali katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kifo chake.

Wajir hawakungoja semina. Walianza na tatizo lililoonekana kwa macho, na kila kundi lilikuwa na kazi yake. Wazee wana heshima ya kupatanisha. Vijana nao hupata habari mapema: nani ameudhika, nani amelipwa ili azue fujo. Habari hiyo ikifika kwa wakati, damu haimwagiki. Lakini kijana hataileta kwenye kamati isiyomsikiliza.

Kamati za parokia zinaweza kuanza hivi:

1. Watengeeni vijana nafasi mbili zenye haki ya kupiga kura, moja ya msichana.
2. Wapeni jukumu lenye bajeti yake, hata ikiwa ndogo, na wao wenyewe watoe hesabu.
3. Waacheni washirikiane na vijana wa misikiti na madhehebu mengine.
4. Unganisheni amani na kipato. Asiye na kazi hununuliwa kwa urahisi.

Wafadhili wetu wapendwa, msihesabu fulana na warsha pekee. Ulizeni ni ugomvi gani umetulizwa, na ni nani aliyeutuliza. Nauli na pesa za simu za vijana huenda zikafaa kuliko mkutano wa hotelini.

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2250 la mwaka 2015, lilizitaka nchi ziwashirikishe vijana katika maamuzi ya amani. Kenya ilipoteza zaidi ya watu 1,100 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Uchaguzi mwingine unatarajiwa mwaka 2027. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuwaite vijana mezani sasa, kabla wengine hawajawaita barabarani.