Utangulizi: Goti Lililosagika na Uamuzi wa Watu Wawili

Mwaka 2001 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Daktari Gillian Hawker walichapisha matokeo ambayo wasomaji wengi hawakuyatarajia. Walikuwa wamewatafuta wakazi wa maeneo mawili ya jimbo la Ontario wenye ugonjwa mkali wa nyonga au magoti, wakawaeleza upasuaji wa kubadilisha kiungo na kuwauliza kama wangekubali kufanyiwa. Miongoni mwa wenye ugonjwa mkali, waliosema bila kusita kwamba wako tayari hawakuzidi 15%. Katika jimbo hilo upasuaji huo hulipiwa na bima ya serikali, kwa hiyo umaskini peke yake hauwezi kueleza jibu hilo. Watu walikuwa na maumivu, dawa ya maumivu hayo ilikuwapo, na wengi wao hawakuwa tayari kuikubali.

Taaluma ya maamuzi shirikishi, ninayokukaribisha ndani yake, inawachukulia watu hao kwa uzito. Haiwaiti wakaidi wala waoga. Inauliza walijua nini walipojibu, walithamini nini, na nani aliwahi kuketi nao akawasikiliza.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mitaani watu husema ute wa magoti umekauka, au goti limesagika. Madaktari huuita osteoatritisi. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, hulika polepole kwa miaka, mfupa hukakamaa na kuota vinundu, na misuli inayoshika kiungo hudhoofika. Ukifikia ukali wake, mtu huamshwa usiku na maumivu na hushindwa kupanda ngazi. Hata hivyo picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba sikuzote. Wapo ambao picha yao inatisha na bado wanakwenda shambani, na wapo ambao picha yao ni ya wastani na hawalali.

Tangu John Charnley alipofanikisha nyonga bandia katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, upasuaji wa kubadilisha viungo umewarudishia mamilioni ya watu mwendo wao. Nausifu bila kusita. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa takriban 82% ya magoti bandia kamili na 58% ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Lakini mgonjwa anastahili kuusikia na upande wa pili: takriban mtu mmoja kati ya watano huendelea kuwa na maumivu ya kusumbua muda mrefu baada ya kubadilishiwa goti. Kwa nyonga ni karibu mmoja kati ya kumi. Kuna hatari ya maambukizi na ya damu kuganda. Umri nao una neno lake. Mwanamume anayebadilishiwa kiungo akiwa na miaka hamsini na kitu anaweza kuwa na uwezekano wa hadi 35% wa kurudi kupasuliwa tena maishani mwake, wakati kwa aliyevuka 70 uwezekano huo ni karibu 5%.

Mwaka 2015 watafiti wa Denmark waliwagawa wagonjwa 100 wa goti kwa bahati nasibu. Wote walipewa wiki kumi na mbili za mazoezi, mafunzo, ushauri wa chakula, soli maalumu za viatu na dawa za maumivu. Nusu yao walibadilishiwa goti kwanza. Baada ya mwaka mmoja, 85% ya waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu ya maana. Kwa wale wasioanza na upasuaji ilikuwa 68%, na robo tu ya kundi hilo walikuwa wameamua kufanyiwa upasuaji. Ila matatizo makubwa ya kiafya yalikuwa 24 kwa waliopasuliwa na 6 kwa wenzao.

Sasa nani kati yao alichagua vizuri? Takwimu haziwezi kujibu. Fikiria wanawake wawili wa miaka 66, wenye magoti yaliyolika sawasawa. Mmoja anaishi ghorofa ya nne, maumivu yamemfungia ndani, na tamaa yake ni kutembea hadi sokoni. Mwenzake anaweza kutembea, lakini siku yake imejengwa juu ya kupiga magoti: anasujudu katika sala zake tano, anapika akiwa chini kwenye kibao cha mbuzi. Watu wengi waliobadilishiwa goti huona taabu kulipigia magoti, hata pale maumivu yanapokwisha. Kwa wa kwanza upasuaji ni ukombozi. Wa pili anaweza kukubali au kukataa, na vyovyote atakavyoamua hatakuwa amekosea, mradi ameambiwa jambo hilo kabla. Huu si ugonjwa wa kufa na kupona, wala hakuna jibu moja lililofichwa ndani ya picha likisubiri macho ya bingwa. Sehemu ya jibu iko kwa mgonjwa, na daktari asiyemuuliza ameacha uchunguzi wake nusu.

Historia ya fikra hizi nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1973 John Wennberg na Alan Gittelsohn walionyesha kuwa katika jimbo dogo la Vermont, Marekani, kiwango cha upasuaji kilitofautiana sana kati ya mji na mji, tofauti ambazo ugonjwa wenyewe haukuweza kuzieleza. Mwaka 1982 tume ya rais wa Marekani ilitetea uamuzi wa pamoja kati ya mgonjwa na daktari, na mwaka 1997 Cathy Charles, Amiram Gafni na Tim Whelan wa Kanada waliupa maelezo ambayo bado tunayatumia: pande mbili zinapeana taarifa, zote zinashiriki kupima, na zote zinaafiki. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Montgomery lililohusu uzazi, iliamua kuwa daktari ana wajibu wa kueleza hatari ambazo mgonjwa husika angezijali.

Pasipo mazungumzo, mazoea ya daktari hujaza nafasi. Huko Ontario, Cornelia Borkhoff na wenzake waliwatuma mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye ugonjwa wa goti wa kiwango kimoja na maelezo yanayofanana, kwa madaktari 71. Mwanamume alishauriwa kubadilishiwa goti na 67% ya madaktari. Mwanamke na 33%. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2008, na naamini kila mwanafunzi wa upasuaji angepaswa kuyasoma kabla hajashika kisu.

Tiba mojawapo ya tatizo hili ni nyenzo za uamuzi: vijitabu na video zinazoeleza kila njia, faida zake na hasara zake, ambazo mgonjwa huzipitia kabla ya kukutana na daktari. Mtandao mmoja wa afya katika jimbo la Washington ulipoanza kuzitumia, upasuaji wa nyonga ulipungua kwa 26% na wa goti kwa 38% katika miezi sita. Taarifa hiyo ya mwaka 2012 iliwafanya wengi wadhani kuwa nyenzo hizi ni njia ya kubana matumizi. Kisha mwaka 2017 Said Ibrahim na wenzake wakachapisha jaribio la Marekani kwa wagonjwa Weusi, watu ambao kwa muda mrefu wamepata upasuaji huu kwa uchache kuliko Wazungu. Kati ya waliopewa video, 14.9% walibadilishiwa goti ndani ya mwaka, dhidi ya 7.7% ya wasiopewa. Nyenzo za aina ileile zilipunguza upasuaji mahali pamoja na kuuongeza pengine. Sioni ushahidi bora kuliko huu kwamba lengo si kupasua zaidi wala kupasua kidogo, bali kila mtu apate tiba inayomfaa.

Kwetu viungo hubadilishwa pia, Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam na Hospitali ya PCEA Kikuyu nchini Kenya zikiwa miongoni mwa mahali hapo. Mazungumzo yetu yana uzito wake wa ziada: bei, bima, umbali wa kurudi kliniki, na mtoto anayelipa gharama na hivyo kumjibia mzazi. Mara ngapi daktari kijana amesema, “Mama, goti limesagika, tutalibadilisha,” akajibiwa, “Sawa mwanangu, wewe ndiye unayejua”? Jibu hilo ni la heshima, lakini halitoshi kuwa ridhaa. Daktari huyo angeanza na swali jingine: “Mama, goti hili limekunyima kitu gani ambacho ungependa kukirudia?” Jibu litamwonyesha aeleze nini kwanza.

Nawe msomaji, ikiwa goti linalozungumziwa ni lako, usiweke sahihi siku ileile kwa sababu foleni ni ndefu nje. Uliza watu wa umri wako hupata nafuu kiasi gani, nini kitatokea ukiendelea na mazoezi kwanza, na kazi gani hutaweza kuifanya baadaye. Rudi nyumbani, zungumza na watu wako, kisha urudi na jibu lako mwenyewe. Kwa kawaida wiki chache za kutafakari haziharibu matokeo ya upasuaji huu.