Mchele Hautoi Chumvi Kwenye Mashine ya Gemu

Kwa wanaojiundia makabati ya gemu za zamani, yale ya kusimama, yenye mpini au vitufe, kama lile lililobeba Space Invaders mwaka 1978, swali ni lilelile kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini: niweke mchele kilo ngapi ndani ili unyevu usiue bodi? Usiweke hata punje. Nafaka hupokea na kutoa unyevu hadi ilingane na hewa iliyoizunguka. Mchele wa dukani tayari una maji ya asilimia 13 au 14, kiwango kinacholingana na hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 75, na hewa ya pwani hii hupita hapo mara nyingi. Hauna tena nafasi ya kunyonya chochote cha maana. Utaita fukusi na panya, na panya hutafuna nyaya. Mtasema simu iliyotumbukia majini ilipona ndani ya mchele. Ilipona kwa sababu ilizimwa ikaachwa ikauke. Kivulini penye upepo ingekauka vilevile. Tena kabati lako halijatumbukia popote. Linaliwa na chumvi inayopeperushwa na upepo wa bahari. Wavuna chumvi wa Kilwa na Lindi wanajua jinsi gunia linavyotoa maji wakati wa masika bila kunyeshewa: chumvi huanza kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75, na ya bahari, kwa magnesi iliyomo, huanza mapema zaidi. Majimaji hayo yakikaa kati ya njia mbili za shaba kwenye bodi, umeme huvuka pasipotakiwa, shaba huota kutu ya kijani, na kitufe hujibonyeza chenyewe. Mchele mkavu kuliko wote duniani hauondoi chembe moja ya chumvi hiyo.

Wengine hukimbilia kuziba kila tundu. Hapo skrini na pawa saplai vitajipika. Joto dogo lenyewe ni msaada: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 35, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 60. Kwa hiyo iwashe mashine mara kwa mara, usiifunike turubai miezi mizima. Mengine ni haya: plaiwudi isiyoogopa maji au mbao ya mkongo, kamwe si MDF, inayovimba; skrubu zisizoshika kutu, matundu ya hewa upande usiotazama bahari, yawekewe chujio, bodi isafishwe kwa alkoholi, ikauke, ipuliziwe vanishi ya saketi isipokuwa kwenye soketi; kisha uwe na swichi za akiba na waya wa ethi. Skrini iwe bapa, kwani TV ya chogo huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.