Intel ao AMD? Pima tenere mbele ya kutosha franga

Kila mara kampuni inalipa dekonti finali, ku biro ya sendika kunafika ulizo moja: «Delege, mutoto anataka kufungua sekretaria ya kupiga barua na kopi. Tununue ordinatere ya Intel ao ya AMD?» Franga ile haiko ya kuchezea. Ni miaka ya mgongo wa mutu chini ya udongo, na haitarudi mara ya pili. Kwa hiyo tuongee wazi: kati ya zile kampuni mbili, ni gani inakupa kazi mingi kwa bei yako?

Jibu ya mufupi: usinunue jina. Nunua kazi yenye utafanya, halafu ugawanye bei kwa ile kazi. Hapa chini tutaonyesha namna gani.

Kampuni mbili, soko moja

Prosesere ni kipande kidogo ndani ya ordinatere yenye inafanya hesabu yote. Ni injini yake. Ku ordinatere za mezani, kampuni mbili za Marekani njo zinagombania soko: Intel, iliyoanzishwa mwaka 1968, na AMD, iliyoanzishwa mwaka 1969. Windows, Word na Excel zinatembea ku moja na ku ingine. Muuzishaji mwenye anakuambia kama AMD haiwezi kufungua Word, anakudanganya.

Mwenye amekwisha kuuzisha mawe pa Musompo, karibu na Kolwezi, anajua mambo ya bei. Kama kontuari ni moja tu, yeye njo anakata bei namna anataka. Kama ziko tatu ao ine na zinagombana, mchimbaji anapata pumzi kidogo. Ku prosesere pia ilikuwa vile. Miaka mingi mbele ya 2017, Intel ilikuwa karibu peke yake ku zile za nguvu, na prosesere zake za kawaida za i7 zilibaki na mioyo 4 mwaka kwa mwaka. «Moyo» ni ile sehemu ya prosesere yenye inafanya kazi. Mioyo 4 ni kama batumishi bane ndani ya ekipe moja.

Mwezi wa tatu 2017, AMD ikaleta Ryzen. Ryzen 7 1800X ilikuwa na mioyo 8, na kampuni ilitangaza bei ya dola 499. Ile ya Intel ya mioyo 8, Core i7-6900K, ilikuwa inapita dola 1000. Intel haikulala. Mwanzo wa mwaka ule, Core i3-7100 yake ilikuwa na mioyo 2 kwa dola 117. Mwezi wa kumi, i3-8100 ikafika na mioyo 4, bei ni dola 117 ile ile. Hakuna mutu alihurumia mununuzi. Ni ushindani tu. Wazee wanasema tembo wakipigana, nyasi ndizo zinaumia. Hapa nyasi zilipata mvua.

Lakini AMD pia si mutakatifu. Wakati iliona kama inashinda, ikapandisha bei: Ryzen 5 5600X, ya mioyo 6, ilitoka mwezi wa kumi na moja 2020 kwa dola 299. Mwanzo wa 2022 Intel ikajibu na Core i5-12400, nayo ya mioyo 6, kwa dola 192. Mwezi wa ine, AMD ikashusha mukono: Ryzen 5 5600 kwa dola 199, na Ryzen 5 5500 kwa dola 159. Njo maana mutu mwenye anasema «mimi niko wa Intel» ao «mimi niko wa AMD» sawa vile timu ya mupira, anajifunga kamba mwenyewe. Kampuni yenye kukupa bei nzuri mwaka huu inaweza kukunyonya mwaka kesho.

Hizi bei zote ni za Marekani, siku ya kutoka. Ukiongeza usafiri na duane, pa Lubumbashi inakuwa ingine. Angalia tofauti kati ya moja na ingine, usikariri dola zenyewe.

Mioyo mingi si kazi mingi kila mara

Batu ba mugodi banaelewa hii haraka. Kama kazi ni kutoboa shimo moja na foreze moja, hata uite batu munane, shimo moja haitaisha mara munane mbio. Saba batasimama na kuangalia. Lakini kama kazi ni kupakia mawe ku makamio, batu munane wanamaliza mbio kupita bane.

Kupiga barua, kufanya CV, kujaza tabo ya Excel ya ndogo: ile ni foreze moja. Prosesere ya mioyo 4 ya miaka ya nyuma kidogo inatosha kabisa, kwa sababu ordinatere inangojea vidole vya mwenye kuandika. Kukata video ya ndoa, kutengeneza miziki, kuchora mapango mikubwa ya nyumba: ile ni kupakia makamio. Pale mioyo 6 ao 8 inalipa bei yake.

Tuseme mashini ya kwanza ni dola 200, na inamaliza video moja kwa dakika 40. Ya pili ni dola 300, inamaliza kwa dakika 20. Umeongeza nusu ya bei, umepata kazi mara mbili: kama kazi yako ni video, chukua ya pili. Lakini kama ni barua tu, ile dola 100 umeitupa. Ku sekretaria, mashini yenye inaleta franga kila siku ni ile ya kutosha kopi. Afazali dola 100 iende pale, ao ku memwari na diski ya SSD. Ordinatere ya zamani yenye diski ya kuzunguka, ukiiwekea SSD, mabadiliko utayaona siku ile ile.

Jina linadanganya, namba inasema kweli

Mutego mukubwa uko ku mashini za okazio. Kikaratasi kinasema «i7», bei inapanda, na muuzishaji anakuonyesha i3 kama kitu ya maskini. Angalia hii. Core i7-7700 ya mwaka 2017 iko na mioyo 4 na nyuzi 8, na bei yake ilikuwa inapita dola 300. Core i3-10100 ya mwaka 2020 nayo iko na mioyo 4 na nyuzi 8, mwendo ni karibu ule ule, na bei yake ilikuwa dola 122. Ni kazi karibu moja, kwa bei ya nusu na kushuka.

Kwa hiyo soma namba yenye inafuata kile kistari. Ku Intel, i5-4590 ni ya kizazi cha 4. I5-8500 ni ya 8. I5-10400 ni ya 10. Inakuhusu, kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaomba Intel ya kizazi cha 8 ao juu yake. Ku AMD, inaomba Ryzen nyingi za kuanzia 2000. Ile i7 ya bei kali ya kizazi cha 4 ni shimo lenye mawe yalikwisha isha.

Tena angalia herufi ya mwisho. Ku Intel, F maana yake hakuna sehemu ya picha ndani: lazima ununue karte grafiki pembeni, ao ekran itabaki nyeusi. K ni kwa wenye kupenda kusukuma mwendo. Inaomba vifaa vya bei. Ku AMD, G ni nzuri kwa maskini: sehemu ya picha iko ndani na iko na nguvu, kama Ryzen 5 5600G. Ile 5600 bila G haina.

Kuranti ni sehemu ya bei

SNEL ikikata kuranti, sekretaria inategemea ondilere ao grupu. Core i3-12100 inaweza kula mpaka wati 89 ikikazana. Core i9-13900K, mpaka wati 253. Ile ya pili inaomba kifaa kikubwa cha kupoza, bloko ya kuranti ya nguvu, ondilere ya bei, na esanse mingi. Bei haiishi ku magazini. Inaendelea kila siku grupu inalia.

Angalia na karte-mere. Mutu mwenye alinunua Intel ya kizazi cha 7 hakuweza kuingiza ya kizazi cha 8 bila kununua karte-mere ingine. AMD ilishika kiti kimoja, AM4, toka Ryzen ya 2017 mpaka zile za mufululizo wa 5000, na karte-mere nyingi za zamani zinazikubali nyuma ya kugeuza BIOS. Kama unataka kuongeza nguvu kidogo kidogo, ile ni faida ya kweli.

Shika Metorex mwenyewe

Pa Kolwezi, malalamiko ya bachimbaji ni moja: mwenye kununua mawe njo mwenye kushika Metorex, ile mashini ya kupima tenere. Ku magazini ya ordinatere unaweza kushika wewe. Omba bawashe mashini mbele yako. Finya Ctrl, Maj na Échap pamoja, fungua pale palipoandikwa «Performance». Windows itakuonyesha jina kamili ya prosesere, hesabu ya mioyo, na memwari. Kama haifanane na kikaratasi cha inje, rudisha franga mufukoni. Kama inafanana, omba ile jina kamili iandikwe ku fakture, namba na herufi yote, pamoja na muda wa garanti.

Na kama familia tatu ao ine zinataka kununua mwezi moja, zipite pamoja ku magazini mbili, moja yenye Intel, ingine yenye AMD, na kila muuzishaji ajue kama mwenzake yuko anangojea. Hii si mambo mapya. Ni ile ile tunafanya wakati wa kuongea mushahara.

Ndani ya prosesere, Intel ao AMD, vinjia vyenye kupitisha kuranti ni vya shaba kwa sehemu kubwa. Sisi tunajua shaba inalipwa kwa tenere, haiko kwa rangi ya jiwe. Tulipe prosesere vile vile.