Timbo la mawe halipimwi kwa twiga

Wageni wengi wanaoingia Haller Park, Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, humkimbilia twiga. Wengine huulizia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi Desemba 2004, na kobe Mzee aliyemzoea hadi wakawa hawaachani. Wachache sana huinama chini ya mivinje kumtazama jongoo. Kwangu, yeye ndiye wa kutazamwa kwanza.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, mawe yake yakichimbwa papo hapo kwenye mwamba wa matumbawe ya kale. Haikupita miaka ishirini, pakabaki timbo pana lisilo na udongo wala kivuli, na chini kidogo ya sakafu yake maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, akaanza kujaribu miti. Kati ya aina 26 alizopanda, tatu tu ndizo zilizostahimili: mnazi, mvinje, na damas, mti wenye asili ya Somalia. Mvinje ndio uliotia fora, kwa kuwa mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, hata palipo na mwamba mtupu.

Shida ilikuwa majani yake. Yana tanini nyingi, yakidondoka hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo akaonekana jongoo mwenye miguu myekundu, yule yule anayejaa njiani mvua zikianza, akiyatafuna. Wakakusanywa mamia, wakaachiwa timboni. Ukifukua kidogo chini ya mvinje utaona kazi yao: juu majani makavu ya kahawia, chini yake vipande vilivyotafunwa, na chini kabisa chengachenga nyeusi zenye unyevu, ambazo ni kinyesi cha jongoo. Huo ndio udongo ulioanza kuotesha miti mingine.

Sifa za Bamburi ni za haki. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi mfano huo unavyoweza kutumiwa kuhalalisha kila timbo jipya: tuchimbe sasa, miti tutapanda baadaye. Mvinje unaweza kufunika kovu, lakini haurudishi kilichokuwa juu ya mwamba kabla ya baruti.

Chukua vilima vya chokaa vya Kilifi, kama Cha Simba na Mwarakaya. Kwenye nyufa zenye kivuli huota ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia rupicola, ndugu wa maua yanayopambia madirisha ya nyumba za Ulaya. Mmea mzima waweza kuishi kwa udongo usiojaza kijiko. Kwa asili hauoti popote pengine duniani ila kwenye vilima vichache vya eneo hilo, na mwamba ukishasagwa kuwa saruji, hakuna bustani itakayouhifadhi ufa ule wenye ubaridi wake na matone yake.

Kwa hiyo tathmini ya viumbe ina maana ikifanywa kabla ya mtambo wa kwanza kuwasili, na ikifanywa kwa subira. Mtaalamu anayepita mara moja mwezi wa Februari, jua likiwa kali, hatawaona vyura wanaotoka kwenye maficho masika yanapoanza. Anayekuja Julai atawakosa ndege wanaohamia kwetu kukimbia baridi ya Ulaya. Anayeondoka kabla ya magharibi hatajua kitu kuhusu popo wa mapangoni, na baadhi ya popo hao ndio wanaochavusha mibuyu. Baruti ikilipuka karibu na pango wakati wa kulea, kundi zima hutimka na watoto huanguka. Na sange, yule mnyama mwenye pua ndefu, hujengea makao yake kwenye majani makavu yaliyorundikana chini ya miti. Anayetafuta wanyama wakubwa tu atapita juu ya nyumba yake.

Kazi haiishi uchimbaji ukianza, kwani timbo lenyewe huvuta viumbe. Keremkerem na mdiria hutoboa viota kwenye kuta laini za udongo, na madimbwi ya mvua huleta ndege wa majini. Dereva wa mtambo akirudi kukata ukuta ule ule wakati wa kutaga, atafukia makinda bila kujua. Asubuhi moja ya kukagua kuta, na alama ya kamba kuzungushia sehemu yenye viota, ni gharama ndogo mno kwa kampuni yoyote ya saruji.

Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi wa aina hii, na ripoti hufika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ambako mwananchi ana haki ya kuisoma na kutoa maoni. Ripoti inaweza kuwa nene na yenye picha nzuri. Mwanakijiji asitishwe na unene wake. Atafute kwanza tarehe za kazi ya nyanjani: je, masika yamo, kiangazi kimo, usiku umo? Aulize kama wazee wanaojua mapango na visima walihojiwa. Kisha atazame bajeti, aone kama kuna fedha za kurudi kuhesabu tena viumbe wale wale, mahali pale pale, baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitano. Kama hazimo, aandike hivyo kwenye maoni yake, na adai ziwekwe kabla leseni haijatolewa.