Mwuzaji Yumo Mfukoni mwa Kijana

Jioni vibarua wanapotoka viwandani, barabara ya Baba Dogo hujaa watu. Wengi hushika njia ya Korogocho na Lucky Summer kwa miguu, nauli ikiwa imewekwa akiba. Kando ya kibanda cha chapati nilimkuta kijana ameiinamia simu, anatazama viatu. Alikuwa akivitazama viatu hivyo tangu Jumatatu, kwa sababu msichana fulani wa TikTok alivivaa akicheza. Nilipomwuliza anamwaminije mtu asiyemjua, alinijibu kwamba msichana huyo ni mtu wetu, anaongea kama sisi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Wazee wa Eastlands wanakumbuka gari la sinema likija mtaani kuonyesha picha za bure, na katikati ya picha sabuni ikasifiwa. Hata mtoto alijua kuwa hilo ni tangazo. Siku hizi tangazo huja kwa sauti ya jirani na kwa Sheng ya mtaani, hata kijana akadhani ameshauriwa na rafiki.

Kumbe mara nyingi rafiki huyo amelipwa. Serikali inalijua hilo: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 kwa malipo ya wakazi wanaotengeneza maudhui ya kidijitali, matangazo yakiwemo. Mtoza kodi anajua kuwa ni biashara. Mtazamaji ndiye asiyeambiwa.

Simu nayo haisahau. Ukikitazama kiatu kidogo tu, kesho kinakurudia, safari hii bei imepunguzwa "leo tu". Zamani tamaa ilikuwa na safari ndefu: kupanda matatu hadi Gikomba, kukunja soli kwa mkono, kubishana na mwuzaji. Njiani mtu aliweza kubadili nia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, safari hiyo imekuwa fupi kama nambari nne za siri.

Simcheki kijana huyu. Nasi miaka ya 1970 tulivaa bugaluu kwa kumwona mtu sinema, na mama zetu walinung'unika vilevile. Lakini fundi alitushonea kwa mwezi mzima, na tulilipa kidogo kidogo.

Nilimwuliza kuhusu kodi ya chumba. Akasema, kwa adabu, kwamba mwenye ploti atangoja mpaka Jumamosi ijayo. Kidole kilikuwa kimekwisha bonyeza.