Mtandao usio na mnara hutegemea hulka ya jirani

MNAMO Januari 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwavisha punda milia kadhaa wa Laikipia mikanda ya shingoni yenye kipokezi cha setilaiti, redio ndogo na betri iliyopata nguvu kutokana na jua. Mradi huo uliitwa ZebraNet, na azma yake ilikuwa kujua wanyama hao huenda wapi mchana na usiku.

Mbugani hamkuwa na mnara wa simu wa kupokea habari hizo, wala mtafiti hangeweza kumfuata kila mnyama kwa gari. Kwa hivyo punda milia wawili walipokaribiana, redio zao zilipashana kumbukumbu. Mtafiti akimfikia mnyama mmoja tu, alipata kutoka kwake pia habari za wengine ambao hakuwaona siku hiyo.

Mtandao wa aina hii hauna mnara wala kituo kikuu. Kila kifaa ni mtumaji, mpokeaji na tarishi wa wenzake, na vyote vinahamahama. Fikra yenyewe si ngeni, kwani Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilifadhili utafiti wa redio za namna hiyo katika miaka ya 1970.

Njia hupatikanaje ilhali kila mmoja yu safarini? Chukua mfano wa itifaki iitwayo AODV, ambayo maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 2003. Kifaa chenye ujumbe hupiga mbiu kwa majirani kikiuliza ni nani anayemjua mlengwa. Majirani huipokeza mbiu hiyo kwa majirani zao, hadi imfikie mlengwa mwenyewe au kifaa kinachoijua njia. Jibu hurudi kwa nyayo zile zile. Kiungo kimoja kikikatika, ilani hurudishwa na msako huanza upya.

Utaratibu huu ni mzuri, ila una imani kubwa mno kwa binadamu. Unachukulia kwamba kila aliyekubali kuwa njiani ataupitisha ujumbe wa mwenzake. Je, akiutupa ili kuhifadhi betri yake?

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford (Sergio Marti na wenzake watatu) walipendekeza dawa. Redio haina siri: ukimkabidhi jirani pakiti ya data, unaweza kutega sikio usikie kama ataitangaza mbele. Asipofanya hivyo mara kwa mara, hutiwa alama mbaya, na njia zinazompitia huepukwa. Katika majaribio ya kuigiza kwenye tarakilishi, ambapo asilimia 40 ya vifaa vilikuwa vikaidi, kiasi cha data kilichofika kiliongezeka kwa asilimia 17. Hata hivyo, sehemu ya matangazo iliyotumika kuratibu njia tu ilipanda kutoka asilimia 9 hadi 17.

Gharama hiyo inavumilika. Kinachonitatiza mimi ni jambo jingine. Mkaidi akishaepukwa, amepata alichokitaka: hatumwi tena na mtu, ilhali pakiti zake mwenyewe zinaendelea kubebwa na wenzake. Adhabu imegeuka likizo! Ndiyo maana mwaka 2002 Sonja Buchegger na Jean-Yves Le Boudec, wakiwa Uswisi, walibuni utaratibu wa kusambaza sifa ya mkaidi kwa majirani wanaoaminiana, ili naye anyimwe huduma. Hapo nako pana hatari, kwa maana uvumi unaweza kumchafua asiye na hatia. Isitoshe, mtega sikio huweza kukosea iwapo matangazo mawili yatagongana hewani wakati anaposikiliza.

Punda milia hana hila hizo. Hata hivyo, waliobuni ZebraNet walijua kwamba si kila mnyama ni tarishi mwema. Katika usanifu wao wa mwaka 2002 walilinganisha mbinu mbili. Ya kwanza ni kumpa kila jirani nakala ya kila kitu, jambo linalojaza kumbukumbu na kumaliza betri. Ya pili ni kila mkanda kuhesabu ni mara ngapi umewahi kukifikia kituo cha watafiti, kisha data ikabidhiwe jirani mwenye rekodi bora. Mwenye kuzoea kupita karibu na kituo jana na juzi, yaelekea atapita na kesho.

Simu nyingi zilizo mifukoni mwetu leo zina redio zinazoweza kuongea moja kwa moja bila mnara. Kinachozuia si chombo. Mahali ambapo mtu hutembea hadi sokoni na kulipa ili achajiwe simu, kubeba ujumbe wa asiyemjua ni kumpa sehemu ya pesa hizo, na hakuna itifaki kati ya hizi inayomrudishia hata senti.